Jeraha lisiloonekana nalo ni jeraha

Nchini Marekani, medali ya Purple Heart hupewa askari aliyejeruhiwa na adui. Aliyeumia kwa ajali ya kawaida haipati. Aidha, jeraha liwe la kuhitaji daktari, na matibabu yawe yameandikwa.

Tarehe 8 Januari 2020, Irani ilirusha makombora kwenye kambi ya Al Asad, Iraki. Rais Donald Trump alitangaza kwamba hakuna Mmarekani aliyeumia. Baadaye akasema amesikia habari za maumivu ya kichwa tu. Hatimaye madaktari waliwakuta askari zaidi ya 100 wameumia ubongo kwa mshindo wa milipuko. Hata hivyo, medali za kwanza zilikuwa 29. Wengine 39 walikubaliwa Desemba 2021, baada ya mafaili yao kupitiwa upya.

Wapo watakaosema medali ni kipande cha chuma tu. La hasha! Mwenye medali hiyo hupewa kipaumbele katika matibabu ya maveterani.

Sisi tuliosoma uhamishoni tunalielewa jambo hili. Nilirudi na elimu kichwani, nikaambiwa nilete cheti. Mfanyabiashara wa mpakani naye, mzigo anao, lakini bila karatasi analala getini.

Sipingi karatasi, maana bila hiyo kila mtu angedai. Ninachosema ni kwamba wajibu wa kuandika ni wa kamanda na daktari siku ile ile. Majeruhi anayeumwa kichwa asiachiwe kazi ya kutafuta ushahidi wa maumivu yake mwenyewe.