Fundi, kufomati si kutengeneza!

Jamani, huu mchezo wa mafundi wetu umenichosha. Mteja analeta tarakilishi isiyowaka, skrini nyeusi imeandika "BOOTMGR is missing", na kabla hajaketi anaambiwa dawa ni kufomati. Picha za harusi, hesabu za duka, kazi ya chuo, zote kwaheri. Na pesa analipa!

Kilichopotea ni faili ya kuwashia Windows. Data yako ingali kwenye diski. Enzi za XP faili hiyo iliitwa NTLDR. Uliinakili kutoka folda ya i386 kwenye CD, kazi kwisha. BOOTMGR ilikuja na Vista, 2007. Kwanza chomoa flashi zote, huenda mashine inajaribu kuwakia huko. Ikigoma, iwashe kwa flashi ya kusakinishia Windows, ingia sehemu ya urekebishaji, fungua dirisha la amri, andika bcdboot C:\Windows (hakikisha herufi kwanza kwa dir, huko C yaweza kuwa D).

Hata hiyo ikishindikana, Ubuntu kwenye flashi itakufungulia diski unakili vitu vyako. Inachukua muda, ndiyo, na fundi ana foleni. Foleni yake inanihusu nini? Anayefomati bila kuuliza "una nakala?" asilipwe hata ndururu.