Haya, Staha na Somo la Kiingereza



Majuma haya twaulizwa sana kuhusu madarasa ya Kiingereza ya kina mama, yale yafanyikayo baada ya alasiri katika vyumba vya madrasa watoto wakishaondoka. Aulizaye aghalabu ni mume, na swali lake huwa moja: je, yafaa mke wangu asome kitabu chenye picha ya kijana na msichana wakiagiza mvinyo hotelini? Mara nyingine aulizaye ni mwalimu mwenyewe, mtu wa ikhlasi, ambaye hajui aufunike ukurasa ule au ausomeshe.

Kujifunza lugha ya watu wengine si jambo la kutiliwa shaka. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayamudu kwa takriban nusu mwezi, akawa ndiye amsomeaye na amwandikiaye barua zao. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, katika gazeti la Al-Islah alilolianzisha hapa Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu kutafuta elimu ya zama zao, na papo hapo akiwakemea walioiga kila cha Mzungu. Hapo hatuna haja ya kurefusha.

Mgogoro uko katika yaliyomo kitabuni. Vitabu vingi vya somo hili huandikwa Uingereza, na wachapishaji wake wana orodha yao inayojulikana sana na walimu, ya mambo ya kuepukwa kitabu kiuzwapo nchi za nje: siasa, pombe, dini, mambo ya faragha ya mume na mke, dawa za kulevya, itikadi na nguruwe. Herufi za mwanzo za mambo hayo kwa Kiingereza hufanya jina la mboga moja ya mizizi, jamaa ya karoti. Baadhi ya walimu wetu wameipenda orodha hiyo wakidhani ni heshima kwetu. Sisi twaiona kuwa ni hesabu ya sokoni, kitabu kisikataliwe na mnunuzi. Na tukiifuata kama ilivyo, tutampata mama aliyesoma Kiingereza miaka miwili naye hawezi kujikinga na haramu kwa lugha hiyo.

Mfikirie akiwa dukani na pakiti ya biskuti mkononi. Nyuma yake, kwa herufi ndogo kama mbegu za ufuta, pameandikwa 'lard'. Hayo ni mafuta ya nguruwe. Lakini mwalimu wake aliona vibaya kulitamka darasani hata jina la kawaida la mnyama huyo, seuze la mafuta yake! Au lichukueni neno 'interest'. Katika somo la kwanza mama hufundishwa kwamba maana yake ni jambo alipendalo mtu, naye husema kwa furaha kwamba apenda kupika na kushona. Kisha analikuta neno lile lile katika karatasi ya mkopo, ambako maana yake ni riba, naye anatia sahihi. Ni nani aliyeihifadhi dini yake hapo, aliyemfundisha neno au aliyemficha?

Alitujia bwana mmoja akiwa ameazimia kumtoa mkewe darasani. Tulimuuliza nani humsomea mkewe karatasi zake za kliniki. Akasema ni yeye, au kijana wao wa kiume wa darasa la nane. Tukamuuliza kama kijana huyo pia humsomea mamake karatasi za maradhi ya kike. Bwana alinyamaza, akaomba maji.

Hili ndilo linalotushughulisha kuliko picha ya mvinyo. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini karatasi ya ridhaa ya upasuaji, majibu ya vipimo na maelezo ya dawa bado humjia mama kwa Kiingereza. Kiswahili chetu kina staha yake: twasema tumbo, na msikilizaji muungwana huelewa kama ni chakula kilichokataa au ni kizazi. Kiingereza hakina subira hiyo. Asiyejua jina la kizazi huandikiwa dawa ya vidonda vya tumbo. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, nao waliuliza mambo ya tohara ambayo wengi wetu leo twaona shida kuyataja. Basi maneno ya mwili wa mwanamke na yafundishwe, na mwalimu mwanamke, mlango ukiwa umerudishwa.

Hatusemi kila ukurasa usomwe. Mazungumzo ya mvulana na rafikiye wa kike wakipanga kwenda dansi hayampi mama wa Kiislamu neno lolote ambalo hatalipata kwingine. Yarukwe. Na mbwa anayelala kitandani katika picha hana budi ampishe paka, ambaye Lamu nzima yamjua.

Ila kuna jambo ambalo wachapishaji hawakuliweka katika orodha yao, na walimu wetu, wa Kiislamu na wasio Waislamu, hulipita bila kuhisi. Ni lile swali la siku ya kwanza: umeolewa, una watoto wangapi? Laonekana jepesi mno. Lakini katika safu ile ya viti yuko aliyepewa talaka juzi na bado yumo edani. Yuko aliyengoja mtoto miaka kumi na miwili. Yuko aliyemzika mwanawe. Yuko mke mwenza aliyekaa viti viwili kutoka kwa mwenzake. Na hata yule mwenye saba wenye afya hapendi kuwahesabu mbele ya watu, akihofia kijicho. Wako wazee wetu ambao hawamtaji mume kwa jina, humwita baba fulani. Wakilazimishwa kulitamka ubaoni, kesho hawaji. Mwalimu atokaye bara, mwenye nia njema kabisa, huona mama ameinamisha macho akadhani hakusoma somo lake.

Dawa yake si ngumu. Somo la jamaa laweza kufanywa kwa jamaa ya kubuni, ubaoni, yenye ami na mjomba, shangazi na halati, ambao Kiingereza huwafunga furushi moja wawili wawili. Kila mwanafunzi awe na ruhusa ya kusema 'pita kwangu' asiulizwe kwa nini. Darasa likiwa la wanaume na wanawake, mazoezi ya wawili wawili yawe mume kwa mume na mke kwa mke. Na kabla ya muhula kuanza, mwalimu akae nao nusu saa awaulize wenyewe: ni karatasi gani iliyowashinda mwaka huu? Watamletea barua ya shule, mkataba wa kazi ya nyumbani Ghuba, hati ya kiwanja. Hicho kitakuwa kitabu bora kuliko cha dukani.

Tukirudi kwa mwalimu na ukurasa wa mvinyo, jibu letu kwake ni hili. Usomeshe, kisha wape kazi. Wamgeuze mgeni wa hotelini awe Mwislamu aliyealikwa na bosi wake, naye akatae glasi kwa sentensi moja fupi ya adabu, pasi na kuomba radhi mara tatu, kisha aagize maji ya ndimu. Tumeambiwa na mwalimu mmoja aliyefanya hivyo kwamba kina mama walicheka hadi adhana ya magharibi, na mmoja wao akauliza jinsi ya kusema, kwa adabu hiyo hiyo, kwamba maji yenyewe ameyalipia ghali.