Taa ya Kushoto Ilivyotugombanisha

Mwezi huu tuache kidogo habari za wivu na simu za usiku. Nina ya taa.

Tulikuwa tunateremka kutoka Namanyere kwenda Kirando, mimi na Baba Tunu, kumpelekea mama mkwe mjukuu wake wa kwanza. Giza likatukuta kwenye mteremko wa kushukia ziwani. Taa kubwa ya kulia safi, ya kushoto njano kama koroboi.

"Mama Tunu, si nilikupa hela ya globu?"

"Nilinunua. Na ilipofifia tena nikanunua ya pili."

Kimya mpaka Kirando. Nilijua anachowaza: hela nimeila.

Asubuhi akaja kijana wa jirani, fundi wa mashine za boti, na mita yake. Globu hakuigusa. Alisema taa moja ikisumbua na mwenzake yuko fiti, usihangaike kwanza na betri, inalisha zote mbili. Na fyuzi ikikatika taa inazima kabisa, haifanyi nusu nusu. Kufifia maana yake umeme unapita kwa shida mahali fulani.

Akaniambia niweke fulu. Basi, taa ya indiketa ya upande uleule ikaanza kung'aa kwa mbali, wakati sijaigusa! Akacheka. "Dada, umeme umekosa njia ya kurudi, unapitia kwa jirani." Njia hiyo ndiyo ethi, waya unaofungwa kwenye bodi.

Sasa sikilizeni hapa. Fundi wetu wa mjini alichomoa globu, akapima soketi, akaona volti 12, akasema waya ni mzima. Kumbe bila globu hakuna mzigo, hata waya ulioshikiliwa na unyuzi mmoja utakuonyesha 12. Kijana alipima taa ikiwa inawaka: ncha moja ya mita kwenye ethi ya taa, nyingine kwenye hasi ya betri. Hapo inatakiwa karibu na sifuri. Ikasoma 4! Yaani kati ya zile 12, globu inaambulia kama 8. Hata ningenunua globu kumi. (Kuna magari ambayo swichi ipo upande wa ethi, kwa hiyo la kwako muulize fundi kabla hujapima.)

Kosa lilikuwa bolti moja chini ya betri, imeota kutu. Msasa, spana, grisi kidogo juu yake, dakika kumi. Taa ikawaka nyeupe peee.

Muda wote huo Baba Tunu alikuwa ameshikilia boneti, hasemi kitu. Mwisho akajikohoza.

"Kumbe globu ulinunua kweli."

Nikamwambia risiti zipo kwenye droo ya gari, zote mbili, tangu jana. Hakuuliza tu.

Akaenda kumsaidia mama kukaanga migebuka. Yeye, ambaye nyumbani hajui hata chumvi inakaa wapi.