Usilibinye embe: namna ya kushika kibao cha pikoboli

Msomaji wangu, kama umewahi kununua maembe pale Marikiti, Mombasa, bila shaka jambo hili limekupata. Unasimama mbele ya fungu la maboribo, unaokota moja, unalibonyeza kwa kidole gumba ili ujue kama limeiva. Hujalirudisha, mwenye mali amekwisha kukuambia: "Mwanangu, usilibinye. Ukilibinya, umelinunua."

Mimi nimeambiwa maneno hayo mara nyingi, na mara nyingi nimerudi nyumbani na embe nisilolitaka. Juma hili nataka uyakumbuke maneno ya mama yule, kwa sababu tutazungumzia namna ya kushika kibao.

Najua kwamba katika nyumba nyingi za pwani ukitaja kibao watu hufikiria kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, au kile cha kusukumia chapati. Leo nazungumzia kibao cha mchezo uitwao pikoboli. Ni mchezo ulio ndugu wa tenisi, wa mpira wa vinyoya na wa mpira wa meza. Huchezwa na watu wawili au wanne, kwa vibao vigumu visivyo na nyuzi na mpira mwepesi wa plastiki wenye matundu. Anayefika pointi 11 kwanza, akiwa amempita mwenzake kwa pointi 2, ndiye mshindi.

Mchezo wenyewe ulizaliwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, karibu na mji wa Seattle, Marekani. Bwana Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walirudi nyumbani wakaikuta jamii yao imekaa tu, haina la kufanya. Uwanja wa mpira wa vinyoya ulikuwapo lakini vifaa vyake havikutimia. Basi wakachukua vibao vya mpira wa meza na mpira wa plastiki wenye matundu, wakaanza kucheza. Baadaye rafiki yao Barney McCallum akajiunga nao katika kutunga sheria, akakata vibao vikubwa zaidi kwa plaiwudi. Sisi watu wa kisiwani tusiuone mchezo huu kuwa wa kigeni mno. Ulianzishwa na watu wa kisiwani kama sisi, kwa vitu vilivyokuwapo nyumbani.

Kosa langu

Kabla sijakufundisha, sina budi kukiri. Jamaa yetu mmoja aishiye Marekani alikuja likizo akatuachia vibao viwili na mipira minne. Tulifunga kamba ya kuanikia nguo uani, tukaifanya wavu, tukaanza. Mimi, nisiyependa kushindwa, nilikishika kibao changu kama mtu anayehofia kuporwa. Vidole vilikuwa vyeupe kwa kukaza. Kila mpira nilioupiga ama uligonga kamba ama ulivuka ukuta wa jirani.

Binti yangu, mwenye umri wa miaka 13, nilimfundisha vivyo hivyo. "Kaza mkono!" nilikuwa nikimpigia kelele. Siku ya nne akaniambia, "Baba, mkono waniuma." Nilimjibu kwamba huo ni uvivu. Hakunijibu neno. Alikiweka kibao kabatini na hakukitoa tena kwa miezi miwili.

Siku zangu zilifika. Kiwiko kilianza kuniuma upande wa nje. Asubuhi moja nilinyanyua birika la chai mbele ya wageni, mkono ukagoma, chai ikamwagika mkekani. Nilipokwenda kwa daktari, hakuniuliza habari za kazi wala umri. Alininyoosha mkono, akanigusa kiwiko, kisha akaniuliza: "Hicho kibao unakishikaje?"

Alinieleza hivi. Misuli inayoinua kiganja imefungwa kwa kano kwenye mfupa wa nje wa kiwiko. Unapobana kitu kwa nguvu, misuli hiyo nayo hukaza ili kukituliza kifundo cha mkono. Ukirudia jambo hilo mara nyingi bila mapumziko, zile kano huchakaa na kuuma. Maradhi haya huwapata wacheza tenisi, lakini pia huwapata mafundi wa rangi, maseremala na wapishi. Dawa ya kwanza ni kuupumzisha mkono. Dawa ya pili ni kujifunza kushika upya.

Anza na salamu

Haya basi, msomaji. Tuseme unatumia mkono wa kulia. Kama wewe ni wa mkono wa kushoto, geuza tu: kulia kwangu ndiko kushoto kwako. Na mzazi, tafadhali, mtoto anayekipokea kibao kwa mkono wa kushoto mwache acheze kwa mkono huo. Hapa hatuko mezani.

Kishike kibao kwa mkono wa kushoto, ukingo wake mwembamba ukitazama juu, mpini ukielekea tumboni kwako. Weka kiganja cha kulia juu ya uso wa kibao, kisha kiteremshe taratibu hadi kwenye mpini, ukufunge. Ni kama unampa mkono mjomba aliyetoka safari. Utaona kwamba kidole gumba na kidole cha shahada vimefanya pembe, na pembe hiyo imekaa juu ya mpini, karibu sambamba na ule ukingo wa juu. Vidole visirundikane kama ngumi. Cha shahada kiache nafasi kidogo na wenzake.

Huu ndio mshiko wa salamu, nao unamfaa zaidi anayeanza. Uzuri wake ni kwamba uso wa kibao hufuata kiganja. Kiganja kikitazama mbele, kibao nacho kinatazama mbele. Mtoto hana haja ya kukisia mpira utakwenda wapi.

Nyundo na kikaango

Iko mishiko mingine miwili. Ukiuzungusha mkono kidogo kuelekea kushoto, ile pembe ikakaa sawasawa juu ya ukingo, utakuwa umekishika kibao kama seremala anayetaka kupigilia msumari kwa ukingo wake. Mshiko huu wa nyundo hupendwa na wanaosimama karibu na wavu, kwa kuwa unafaa mipira ya kulia na ya kushoto bila kubadili mkono. Pale mbele huna wakati wa kubadili chochote.

Wa tatu ni wa kikaango. Kilaze kibao sakafuni, kiokote kama unavyookota kikaango. Watoto wengi hukishika hivi bila kufundishwa. Mshiko huu una nguvu kwa mpira unaokuja juu, upande wa kulia. Lakini mpira ukija kushoto, mwenye kikaango hukikunja kifundo cha mkono vibaya, na huko ndiko maumivu yanakoanzia. Simkatazi mtu, ila namshauri aanze na salamu.

Unene wa mpini nao ni muhimu. Ukiisha kukishika, jaribu kupitisha kidole cha shahada cha mkono wa pili kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikipita kwa kutosha tu, mpini ni wako. Kisipopita, mpini ni mwembamba, nawe utaubana kupita kiasi. Kikipwaya, mpini ni mnene, na mkono utachoka upesi.

Nguvu ya embe

Sasa turudi Marikiti. Chukua nguvu zako zote za kubana uziite 10. Wakati unaposubiri mpira, tumia 3 au 4 tu. Hiyo ndiyo nguvu ya kulishika boribo lililoiva: halianguki, wala halibonyei.

Utaniuliza, je, nikishika hivyo kibao hakitaponyoka? La hasha! Mtazame muuza madafu. Panga lake halishiki kwa kulikaba. Mkono umelegea linapopanda, na unakaza pale tu linapoligusa dafu, kisha unalegea tena. Angelikaza tangu asubuhi, kufika adhuhuri asingekuwa na mkono wa kuuzia. Kibao nacho ni hivyo hivyo: kaza kidogo mpira unapogusa, legeza mara unapoondoka.

Faida yake si ya kiwiko peke yake. Mkono uliokaza huurusha mpira mbali hata pale unapotaka udondoke karibu, ng'ambo tu ya wavu. Mkono uliolegea huupokea mpira, ukaua kasi yake. Nami nilipojifunza jambo hili, jirani alipumzika kunirudishia mipira.

Jasho la Mombasa nalo lina yake. Mpini ukilowa, mtu hukaza bila kujijua. Weka kitambaa kiunoni na uufute mpini kila baada ya pointi chache.

Kibao kikae wapi?

Makosa ya pili baada ya kubana ni kukiacha kibao kikining'inia pajani. Mpira ni mwepesi, lakini karibu na wavu unakufikia kabla hujapepesa macho. Kibao kilichoko gotini hakiwezi kufika kifuani kwa wakati.

Simama hivi: miguu ipanuke kiasi cha upana wa mabega, magoti yakunjwe kidogo, uzito uwe mbele ya nyayo wala si visiginoni. Viwiko vitoke mbele ya mbavu. Kibao kikae mbele yako, baina ya kitovu na kifua, kichwa chake kikitazama juu na kuinama kidogo upande wa kushoto, mfano wa mnazi ulioegemezwa na upepo wa kusi. Kimeinamishwa kushoto kwa sababu mpira unaokujia mwilini ni rahisi kuuzuia kwa upande wa nyuma wa mkono. Ukitaka kuuzuia kwa upande wa kiganja, kiwiko kinakwama mbavuni. Mkono wa pili usikae bure, ukishikilie kibao kwa ncha za vidole. Huo ndio utakaoupumzisha mkono wa kulia.

Ukisha kupiga, kirudishe pale pale. Usisimame kuutazama mpira wako ulivyopendeza.

Mbele ya wavu, kila upande, kuna eneo la futi 7 ambalo wachezaji wenyewe huliita jiko. Ukiwa ndani ya jiko huruhusiwi kuupiga mpira ambao haujadunda. Ukidunda humo, ingia uupige, kisha utoke. Hivyo, mahali pako pa kusimama ni nyuma kidogo ya mstari wa jiko, kibao kikiwa juu. Na mpira ukipita juu ya kichwa chako, usikimbie kinyumenyume. Geuka kwanza, ndipo ukimbie. Wengi, hasa sisi wenye umri, huumia kwa kuanguka chali.

Kibao cha nyumbani

Usiseme mchezo huu ni wa wenye pesa. Mpe seremala kipande cha plaiwudi ya milimita 9. Akukatie kibao chenye urefu wa sentimita 40, mpini ukiwamo, na upana wa sentimita 20. Vipimo hivyo havivuki sheria, kwani urefu haupaswi kuzidi inchi 17, na urefu pamoja na upana visizidi inchi 24. Kingo zipigwe msasa zisije zikamkata mtoto. Mpini uuzungushie utepe uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Kibao hiki kitakuwa kizito kuliko vya dukani, hivyo mtoto asikitumie muda mrefu bila kupumzika.

Uwanja kamili ni futi 20 kwa 44, sawa na ule wa vinyoya wa watu wanne, na wavu una urefu wa inchi 36 pembeni na 34 katikati. Nyua za Mji wa Kale hazina nafasi hiyo, lakini chaki, kamba na ua wa shule, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, vinatosha. Cheza asubuhi au jioni, kwani upepo huuyumbisha mpira huu na jua la saa sita halina huruma.

Na asiye na kibao bado? Achukue mwiko. Asimame sebuleni dakika tano, ampe mwiko mkono wa salamu, aupeleke mbele ya kifua, aulegeze, aukaze kidogo, aulegeze tena. Mkono utajifunza.

Baada ya kiwiko changu kupoa, nilinunua boribo moja Marikiti, bila kulibinya. Nilikwenda nalo nyumbani nikampa binti yangu alishike, kisha nikamwambia, "Nilikufundisha vibaya, na mkono wako ulikuwa ukisema kweli. Niwie radhi." Alinitazama kitambo. Halafu akalimenya lile embe, akala, akaniachia kokwa. Jumamosi iliyofuata ndipo alipokifungua kabati.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawakusema mvunje. Mtoto wako akikuambia mkono unamuuma, usimwite mvivu. Muulize kama daktari alivyoniuliza mimi: unakishikaje?

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.