Fidia ya mnazi ni ya nani?

Wiki hii mama mmoja wa Jambiani alinifuata nje ya kliniki ya watoto. Nilidhani ataniuliza habari za chanjo. Akasema: "Wapimaji wamepita shambani, minazi imetiwa rangi nyekundu. Laini ya umeme itapita hapo. Kwenye fomu kaandikwa baba watoto peke yake, na minazi nimerithi mimi kwa mama yangu."

Umeme tunauhitaji. Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Mwaka 2013 ukaja waya mpya chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, kisha laini ya nguzo hadi Mtoni. Laini kubwa kama hiyo inataka mkuza, na ndani ya mkuza mnazi haubaki.

Zanzibar ardhi ni mali ya umma, lakini mti una mwenyewe. Huyu anaweza kuwa na nyumba, yule akawa na minazi iliyoizunguka. Mthamini akiuliza tu "shamba la nani?" atapata nusu ya jibu.

Kwa hiyo wazazi, siku ya kuhesabu muwepo wote wawili, na sheha awepo. Kila mti uandikwe kwa jina la mwenyewe. Someni kabla ya kutia saini, kisha pigeni picha ya fomu kwa simu. Katiba ya Zanzibar, kifungu cha 17, inalinda mali ya mtu isichukuliwe bila fidia. Mradi ukiwa na fedha za Benki ya Dunia, masharti yake yanataka fidia ilipwe kabla watu hawajahamishwa, na asiye na hati naye alipwe nyumba na mazao yake.

Mbona ukurasa wa afya unazungumza minazi? Kwa sababu mnazi mrefu wa kwetu huchukua miaka sita au zaidi kuzaa. Pesa ikiishia kwenye pikipiki, tui la watoto litanunuliwa dukani miaka yote hiyo. Tengeni kwanza fungu la miche na chakula.

Juzi yule mama alinitumia picha ya fomu iliyorekebishwa. Ina majina mawili, na minazi 11 iko upande wake.