Fundi, Ukikosea Sema. Gundi Si Thredi!

Wasee, leo nimekasirika, na sababu yenyewe ni shimo la milimita 14.

Mathe ana Probox. Hiyo gari hubeba mboga zake kutoka Marikiti alfajiri, na ndiyo imetulisha miaka yote. Akaipeleka sevisi kwa fundi wa mtaani, akabadilishiwa oili na plagi zote nne. "Mama, gari iko fiti," akaambiwa, akalipa. Wiki mbili baadaye tuko Thika Road, karibu na Roysambu, injini ikapiga pah! Ikaanza kutatarika kama pikipiki iliyotolewa sailensa. Plagi ya tatu ilikuwa imeruka kutoka kwa silinda hedi.

Kuiangalia, nyuzi zake zimejaa gundi. Ile gundi ya chuma ya kuchanganya tyubu mbili! Yaani huyo jamaa aliingiza plagi ikiwa imepinda, akailazimisha na spana, akakula thredi za hedi. Akaona. Akapaka gundi. Akanyamaza. Akachukua pesa ya mathe.

Sikilizeni, kukula thredi si dhambi. Hedi ni ya alumini, plagi ni ya chuma. Hivyo viwili vikipigana, alumini ndiyo huumia. Hata fundi mzuri linaweza kumpata. Lakini gundi? Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 1,500 kwa hiyo dakika moja, na kila mara moto unasukuma plagi itoke. Gundi itashikilia hiyo kitu mpaka lini? Alijua itaachilia. Alichoomba tu ni iachilie mbali na gereji yake.

Fundi wa pili naye akaja na uongo wa aina yake: "Hiyo hedi imekufa, tafuta elfu arobaini." Hata hakuweka tochi aangalie vizuri!

Wa tatu ni mzee mmoja wa Grogan, pale Kirinyaga Road. Akaangalia, akacheka. "Kijana, hii ni kazi ya asubuhi moja." Akapaka grisi kwa tapu ili vipande vya alumini vinate hapo visidondoke kwa silinda. Akalipanua shimo polepole, akikata nyuzi mpya kubwa kidogo, anatoa tapu, anafuta, anarudisha. Akasafisha silinda. Halafu akaingiza koili ya waya wa chuma kisichoshika kutu, wenyewe huiita Helicoil. Nje inashika hedi, ndani inabaki saizi ile ile ya plagi. Plagi mpya akaianza kwa vidole, si spana. Bei? 3,500. Kutoka hapo gari inabeba mboga kama kawaida.

Sasa najua kuna mtu ako tayari kusema, "Si hao ni watu wa jua kali, hawajasoma." Wacha hiyo. Mimi mwenyewe niliacha kampasi, siwezi kumdharau mtu juu ya cheti. Huyo mzee alifunzwa kazi akishikia mwingine spana. Na mwenye anataka cheti, NITA wako na mitihani ya ufundi, unaanza Gredi III hata kama ulijifunzia chini ya mti. Ni poa. Lakini hakuna mtihani unaotibu uongo. Wa kwanza alijua kazi vya kutosha kuona ameharibu. Shida yake ilikuwa mdomo.

Na sisi pia tuache kujifanya malaika. Tunapunguza leba kutoka 1,000 mpaka 300, halafu tunasimama juu ya kichwa cha fundi tukisema "harakisha, niko na mahali." Siku anasema "bosi, nimeharibu hapa," tunamtusi, tunashika simu yake, tunaita watu. Tumewafunza wanyamaze. Bado hiyo haimpi haki ya kumwekea mathe yangu bomu chini ya boneti. Angesema siku hiyo hiyo, tungegawana hiyo 3,500 na angebaki na kastoma. Sasa amepoteza mathe na soko lake lote, na mnajua wamama wa soko hawasahau.

Kwa hivyo ukienda gereji, usiende kukaa kwa kivuli na TikTok. Ambia fundi plagi zitolewe injini ikiwa baridi. Plagi ianzwe kwa mkono. Ikikataa kuzunguka kwa vidole, itolewe ianzwe tena. Uliza bei kabla ya kazi na udai spea za zamani. Kuna sheria ya kulinda wateja ya 2012 inayogusa mambo hayo ya bei na spea kwa watu wa kutengeneza magari, si eti unaomba msaada. Na kabla aguse kitu, mwambie hivi: "Ukiharibu, niambie. Sitapiga kelele, tutapanga." Halafu ukiambiwa, kweli usipige kelele.

Na wewe fundi unayesoma hii ukiwa na hiyo tyubu ya gundi mfukoni: kuna mama anaamka saa tisa usiku akiamini ile "iko fiti" yako. Mwambie ukweli.