Andika Ulichokiona

Upo udanganyifu mmoja ufanyikao katika maabara za shule zetu, tena mchana kweupe, wala hakuna aukemeaye. Mwanafunzi wa Nairobi huambiwa apime kiwango cha joto ambacho maji huchemkia. Huyatia maji katika chupa ya kioo, huwasha moto, hutumbukiza kipimajoto, na maji yatokotapo husoma nyuzi 94 za Celsius. Kisha hukitazama kitabu, akaona tarakimu nyingine, akaandika: 100. Mwalimu humpa alama zote, na wote wawili huridhika.

Mimi nasema, ewe msomaji, kwamba jawabu hilo ni uongo, na aliyestahili alama ni yule aliyeandika 94.

Sababu yake si ngumu. Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Mombasa, kando ya bahari, hewa hutulemea kwa uzito wake wote, na maji huchemka karibu na nyuzi 100. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni haba zaidi, na maji huchemka mapema. Eldoret, penye mita 2,100 hivi, huchemka karibu na nyuzi 93. Ndiyo maana maharagwe hukawia kuiva katika nyanda za juu, jambo ambalo kila mpishi wa huko alijua. Basi kitabu hakikukosea: kilitaja nyuzi 100 kwa maji safi penye mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari. Mwenye kukosa ni yule anayeinukuu tarakimu na kuliacha sharti lake.

Tena tofauti hiyo ndogo si ya kudharauliwa. Mwaka 1858 msafiri Mwingereza, John Hanning Speke, alifika kusini mwa ziwa la Nyanza. Alichemsha maji, akasoma kipimajoto, akapiga hesabu, akakadiria kuwa ziwa liko futi 3,740 hivi juu ya bahari. Vipimo vya leo vyasema 3,720 hivi. Lau angaliandika tarakimu ya vitabuni, ziwa lote lingalishuka katika hesabu yake likawa sawa na bahari!

Watakuwapo watakaonijibu: "Huenda kipimajoto cha shule ni kibovu." Vema, kijaribu. Kitie katika barafu inayoyeyuka, uone kama kitasoma 0. Kikikosea, andika kosa lake. Wengine watasema: "Mtihani wataka 100." Basi andika ulichosoma, kando yake andika kisemacho kitabu, kisha eleza kwa nini viwili hivyo havilingani. Mtahini mwenye elimu hawezi kukuadhibu kwa kufahamu zaidi.

Lakini hoja iliyo kubwa ni hii. Twapima joto la kuchemka ili tutambue kitu tusichokijua, na tujue kama ni safi. Alkoholi safi huchemka kwa nyuzi 78 pwani, bali Nairobi huchemka karibu na 73. Asiyejua haya ataimwaga alkoholi njema akidhani ni chafu. Na siku atakapopewa chupa isiyo na jina, yule aliyezoea kunakili atanakili kutoka wapi? Njia ya mwongo ni fupi, nayo hukoma papo hapo.

Kesho wewe ndiwe utakayepima homa ya mtoto wa mwenzio, au dawa ndani ya chupa, au maji ya kunywa ya mji mzima. Hakuna kitabu kitakachokuwa kimeliandika jawabu la siku hiyo. Kwa hiyo jizoeze leo, mbele ya chupa ya maji yatokotayo: soma kwa makini, rudia mara ya pili, na uandike ulichokiona.